F3 Jikoni Kwetu Timau

Jumatatu, 4 Agosti
Nimepaka mafuta mikebe yote. Mama amekanda unga, ukaumuka vizuri licha ya baridi. Tumewasha oveni. Haijapata hata joto la kuyeyusha siagi ikaanza kulia, na pale panapoonyesha saa pakaandikwa F3.

Tumezima ukutani. Tumewasha tena. F3. Donge limekaa juu ya meza hadi likaanza kunuka uchachu.

Jumamosi Mama anatakiwa kupeleka mikate kwenye hoteli iliyo karibu na soko. Kuna mama mwingine naye anapeleka. Atakayechaguliwa ndiye atakayekuwa akiwaletea mikate kila asubuhi. Mama aliacha kazi kwenye shamba la maua kwa sababu dawa wanazonyunyiza zilikuwa zinamkaba kifua. Anategemea oveni hii. Hana mpango mwingine.

Jumanne, 5 Agosti
Kijitabu cha oveni kimeandikwa kwa lugha ambayo hakuna anayeijua hapa. Mama aliinunua kwa meneja mmoja wa shamba aliyekuwa anahama, naye hakueleza chochote. Kwa hivyo nimechukua simu ya Mama nikaenda kusimama kwenye ua, mahali mtandao unaposhika.

Nimesoma kwamba kwa aina nyingi za oveni, F3 huhusu kihisi joto. Ni kijiti cha chuma kilicho ndani, ukutani kwa nyuma. Oveni ikishindwa kujua ina joto kiasi gani, inakataa kupika. Nimechomoa waya kutoka ukutani, nikafungua skrubu kwa kisu cha mezani, nikakisafisha kijiti, nikakirudisha. Nilikuwa na uhakika. Mwalimu wetu wa fizikia kule shuleni Kaaga husema hitilafu ikijulikana ni kama imeshatengenezwa nusu.

F3.

Mvua ya manyunyu siku nzima. Mlima hauonekani. Nyanya amejifunika blanketi mbili na koti la Baba juu yake. Yeye ni mtu wa Ishiara, amezoea jua. Alikuja kukaa nasi mwezi wa Juni ili awe karibu na kliniki, na tangu afike hajawahi kuvua soksi.

Jumatano, 6 Agosti
Fundi Mwenda amekuja. Amepima kihisi na kusema ni kizima. Nimeona aibu kidogo. Kisha amefungua sehemu ya juu, nyuma ya vibonyezo. Nyaya zimeyeyuka, zimeshikana kama peremende zilizosahaulika mfukoni.

"Mama Kinya, hii oveni mnaiwasha mlango ukiwa wazi?"

Mama amesema hapana, kwa nini mtu afanye hivyo? Fundi amesema joto likitoka mbele hupanda juu na kuchoma nyaya.

Nyanya alikuwa kwenye kiti chake. Akasema, "Ni mimi. Mkienda kulima huwa naifungua nikaota."

Fundi akacheka. "Shosho! Hii si mafiga!"

"Kwani tofauti ni gani? Moto ni moto. Mkishapika mnaufungia ndani, unamfaidi nani?"

Kule kwake chakula kikiiva watu husogea, kila mtu apate kuota kabla makaa hayajafa. Kufunga mlango moto ukiwa bado upo ni uchoyo. Hivyo ndivyo anavyojua. Na joto la mkate likiisha, alikuwa anazungusha kitufe anaiwasha upya. Alijifunza kwa kututazama.

 Mama alitoka nje, akasimama karibu na tangi la maji. Afadhali angepiga kelele.

Alhamisi, 7 Agosti
Fundi amekata nyaya zilizoungua na kuunga nyingine. Lakini ile bodi ndogo ya umeme inayoongoza oveni ina doa jeusi. Bodi mpya itoke Nairobi, na hajui itafika lini, wala kama bado zinatengenezwa. Amesema, "Inaweza kushika. Inaweza pia kuwachezea. Mimi siapi."

Tumejaribu mkate mmoja. Umeiva! Rangi ya kahawia juu, chini pia. Mama ameugonga kwa kidole akausikiliza, akatabasamu mara ya kwanza wiki hii. Mimi pia nimefurahi, halafu nikaogopa kwa kuwa nimefurahi.

Nimemkasirikia Nyanya. Sitaki kuwa hivyo, lakini ndivyo nilivyo. Nilimpelekea chai bila kumwangalia.

Ijumaa, 8 Agosti
Nyanya amemwomba Mama amrudishe Ishiara. Mama amesema hapana, kuna kliniki wiki ijayo. Basi. 

Nimemwambia Mama tuoke kwa sufuria, makaa chini na makaa juu ya kifuniko, kama keki ya Krismasi. Amesema hoteli inataka mikate ya mkebe, yote kimo kimoja, inayokatika vipande sawa. Na jiko letu ni moja. Najua. Nilisema tu ili kuwe na jambo lililosemwa.

Jumamosi, 9 Agosti
Mikate iliumuka kama inavyotakiwa. Tuliiingiza yote. Nilikaa chini mbele ya kioo nikiitazama ikipanda. Niliomba kwa sauti, sikujali kama nasikika.

Ikalia. F3.

Mama alizima, akawasha. Alizima, akasubiri, akawasha. Mara ya mwisho alibaki ameshika swichi kana kwamba ataiwasha kwa nguvu za mkono. Mikate ilianza kubonyea katikati. Tulipoitoa ilikuwa myeupe, na ndani bado inanata.

Mama alivaa viatu vyake vya kanisani akaenda hotelini kusema mwenyewe. Nilimfuata. Aliniambia nibaki, sikubaki.

Mwenye hoteli alikuwa anamimina chai. Alisikiliza hadi mwisho, lazima niseme hivyo. Kisha akasema, "Pole, Mama Kinya. Kweli pole. Lakini mtu akikaa hapa saa moja asubuhi nitamwambia oveni ya fulani imeharibika?"

"Nipe wiki moja tu."

"Na wiki hiyo nitawapa nini na chai? Maneno?"

Watu wawili mezani wakacheka. Mama naye akajaribu kucheka pamoja nao. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Mikate ya yule mama mwingine ilikuwa tayari kwenye kabati la kioo. Niliitazama kwa makini. Nilitaka iwe mibaya. Haikuwa mibaya.

Jumapili, 10 Agosti
Mama hakwenda kanisani. Amelala akiwa ameelekea ukutani.

Nyanya ameikata ile mikate vipande vyembamba na kuvikausha kwenye kikaango juu ya jiko, kimoja kimoja. Hakuniita. Nilikwenda mwenyewe nikawa navigeuza. Baada ya muda akauliza kama mama yangu anamchukia. Nikasema hapana. Akauliza na wewe je? Nikasema nilimkasirikia, lakini sasa nimechoka kukasirika. Akakubali kwa kichwa, akanipa kipande.

Tulimpelekea Mama sahani. Baadaye nilikuta nusu imeliwa.

Jumatatu, 11 Agosti
Mama aliamkia kwenye geti la shamba la maua. Walikuwa wengi waliosimama hapo, lakini msimamizi alimkumbuka. Anaanza kesho, upande wa kupanga maua, si wa kunyunyiza. Anasema huko hewa ni afadhali. Natumaini ni kweli.

Fundi hajasema lolote kuhusu bodi. Hakuna aliyemuuliza.

Jioni nimefua dustikoti ya Mama ya kazini nikaianika juu ya jiko. Kifungo kimoja kilikuwa kimelegea, nimekishona. Ilipokauka nimeipiga pasi, nikaitundika nyuma ya mlango, mahali atakapoiona bila kuitafuta.