Ile Baridi Nilimuchorea Anaclet

Bunia, Ngezi

Dada yangu mupenzi Débora,

Kwanza nakusalimia sana, weye na wote wa pale Tchomia. Ule mugongo uko namna gani? Siye huku Mungu anatulinda. Mimi niko muzima kuliko vijana. Masomo nilikosa, lakini muchoraji wa kunipita hakuna. Enda kwa barabara ya Lumumba: samaki na ngombe zote kwa milango ya maduka ni mukono yangu.

Unakumbuka siku tulikuwa na maiti ya Elisabeth, bibi mwenye nilioa, ndani ya nyumba. Anaclet, jirani wa ukuta kwa ukuta, akapiga muziki, eti feti ya kuaga mutoto yake Léon mwenye kuenda Canada. Kwetu, jirani akiwa na maiti, hata radio unazima! Nilimutumia wazee. Akajibu marehemu hasikie kitu.

Sasa akanikujia meno inje. Léon ametuma foto ya nyumba yake ndani ya teluji, nimuchoree picha kubwa ya kutundika kwa salon. Nikakubali. Dada, nilimuchorea baridi! Foto ilikuwa na moshi juu ya nyumba, nikautoa: jiko imekufa. Miti nikaacha mifupa tupu. Teluji nikaitandika kama sanda. Kisha nikaweka nyayo za mutu, zinatoka kwa mulango, zinaingia pori. Zenye kurudi hakuna.

Ule mujinga akaitundika, akaita watu wa kanisa waone uzuri wa Canada. Bibi yake Honorine peke yake ndiye alielewa. Alikuja kwangu na machozi, akasema tangu picha iingie Léon hapokee tena telefone: "Baba, nakuomba, funika zile nyayo." Nikamwambia bwana yake aje mwenyewe, akae chini, alilie bibi yangu.

Ile kitu sijaambia mutu ni hii. Jana Anaclet alikuja. Alivua viatu, akakaa kwa mukeka, akamulilia Elisabeth kwa jina, machozi ya kweli. Nilimuacha amalize. Kisha nikamwambia rangi nyeupe ya kufunika nyayo imeisha, tungoje ya Kampala. Akasimama polepole, akaenda. Rangi iko, dada. Kopo nzima, chini ya kitanda. Na nililala vizuri.

Usiniandikie mambo ya kusamehe, nakujua. Nisalimie Clarisse na wale wote munakausha nao samaki. Mungu awape ziwa la amani.

Ni mimi kaka yako, mwenye mukono haitetemeke,

Muzee Stéphane