Mama, Wametia Magadi Kwenye Wali Wako

Mama,

Nimerudi kwangu Migori, nimepiga mswaki, nimetafuna tangawizi, na bado nasikia ladha ya sabuni mdomoni. Nakuandikia nikiwa na kinyaa hivi hivi, maana nikingoja kitulie nitaanza kuwasamehe, na sitaki.

Jumamosi tulifanya kumbukumbu yako pale nyumbani Ndhiwa. Unajua binti aliyeolewa haendi mikono mitupu. Wenzangu walipeleka kuku na kreti za soda. Mimi nikasema nitapika wali wako, ule uliofundishwa na Sista Lorna ulipokuwa ukimfanyia kazi jikoni kule misheni, yule nesi Mjamaika aliyeshangaa kwamba tunakula wali mweupe kama wagonjwa. Nazi niliziagiza kwa mama mmoja wa soko la Homa Bay, na jinsi mvua za El Nino zilivyokata barabara, nilikuwa nimeshakata tamaa. Zikafika. Thaimu, yale majani yake ya kunukia, nilichuma kwenye ile sufuria kuukuu uliyoiweka nje ya jiko lako. Bado inaota, Mama. Hakuna anayeimwagilia, inaota tu.

Uliniambia mara ngapi? Maharagwe mekundu yalowe usiku kucha, yachemke taratibu na kitunguu saumu mpaka yaive bila kupasuka, na yale maji yake mekundu yasimwagwe, ndiyo yanayoupa wali rangi. Tui lifuate, kisha thaimu, kisha mchele, na pilipili mbuzi moja, nzima, ikae juu na kikonyo chake. "Ikipasuka, utakula peke yako," ulikuwa ukisema, huku unachungulia sufuria kama mtu aliyelaza mtoto mchanga.

Basi maharagwe niliyaloweka. Nazi nilikuna, tui nikakamua. Asubuhi nikabandika sufuria, mara nikaitwa kaburini kwa maombi. Nikamwachia mama mdogo Rosa, mke mwenzako, kazi moja tu, kusukuma kuni. Mchungaji akaomba, akaomba tena, akawaombea hata watu wasiokujua. Nikiwa nimeinamisha kichwa nikasikia harufu. Unaijua harufu ya tui likikutana na magadi? Ni ya nguo zilizolowekwa zikasahauliwa.

Nilipofika jikoni alikuwa amemaliza. Magadi, tui, mchele, vyote ndani. Maharagwe yamekuwa uji, wali umekuwa rangi ya maji ya mtaro, povu linapanda kandokando, na pilipili ameikatakata. Nikamuuliza kwa nini. Akanitazama kama mimi ndiye niliyechanganyikiwa.

"Atieno, maharagwe bila magadi yataiva saa ngapi, na watu wana njaa?"

Hakuwa na nia mbaya, najua. Huku kwetu maharagwe na magadi haviachani. Lakini nilimchukia, Mama, yeye na mwiko wake. Nilitaka kuwamwagia mbwa ile sufuria. Akaniwahi, akapakua.

Walianza kwa pupa, kisha wakatulia. Mchungaji alitema kwenye leso, akaikunja vizuri, akairudisha mfukoni. Wengine wakasukuma sahani chini ya viti, kuku wakaja, wakadonoa, nao wakaacha. Baba mdogo Okumu, mdomo umejaa nyama, akasema kwa sauti kwamba kumbe huu ndio wali uliokuwa ukiringa nao. Watu wakacheka. Siku ya kukukumbuka wewe, wanacheka huku mafuta yanawatiririka mpaka kwenye viwiko. Niliitazama midomo yao nikajiuliza nilikuwa nimekuja kumpikia nani.

Halafu nikamwona Baba.

Unamjua. Miaka yote ile alisukuma sahani kando bila kuonja, akaitisha ugali, akasema hicho ni chakula cha wageni. Na wewe kila Jumapili ukamwekea yake, ukaifunika, ukaiweka kwenye rafu karibu na mlango. Asubuhi tukaila sisi watoto, ikiwa baridi.

Jumamosi alikaa mlangoni pako akala. Lile povu, vile vipande vya pilipili, hakuacha punje. Nikaenda kumnyang'anya, nikiona aibu kwa niaba yako. Akaishika sahani kwa mikono miwili.

"Wacha nimalize," akasema. "Kumbe ndio hii mama yako alikuwa ananiwekea."

Mama, hapo ndipo nilipochefuka kabisa. Anadhani ndiyo hiyo. Hajawahi kuionja, hana cha kulinganisha nacho, sasa anakula takataka ile kwa heshima ambayo ilipaswa kuja ukiwa hai. Nilishindwa kumwambia. Nikatoka nje nikatema mate karibu na thaimu yako. Unisamehe.

Nimebakiza nazi. Barabara ikikauka narudi Ndhiwa, na mama mdogo atakaa mbali na moto wangu. Nitamwekea Baba sahani yake, nitaifunika, nitaiweka kwenye rafu ile ile. Sitambembeleza. Nataka aonje mwenyewe, ajue ni nini alichokuwa anakisukuma kando. Akilia, alie, lakini ataimaliza.

Kwaheri, Mama. Pilipili haitapasuka.

Wako,
Atieno