Kondoo Wako Walinipita, Baba

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimezoea kusubiri ile marahaba yako ndefu kabla ya kuendelea, lakini leo itabidi niendelee tu.

Unakumbuka wenzako pale Usagara walivyokucheka? Wao waliswaga mifugo yao kwa fimbo. Wewe ulitangulia mbele ya kondoo wako ukiwaita, mikono nyuma, hugeuki hata kutazama kama wanakuja. "Huyu mzee wa kanisa anachunga au anatembeza wageni?" waliuliza. Ukawajibu kwamba Mchungaji Mwema naye hutangulia. Mama akasema fisi hawasomi Biblia.

Nikiwa darasa la nne ukaugua, nami nikajiona naweza. Nikavaa koti lako lililonifika magotini, nikatangulia, nikaita kama wewe, bila kugeuka, mpaka lamboni. Nilipogeuka nilikuwa peke yangu. Kondoo wote walikuwa kwenye matembele ya jirani. Nilirudi nalia, nikingoja fimbo, ukacheka hukohuko kitandani. "Koti wanalijua, mwanangu. Sauti ndiyo hawaijui."

Nilipohamia Mkuyuni kushona nguo, ulinipigia kila Jumapili jioni. Salamu mbili tatu, kisha swali lako: "Leo umesali wapi?" Mara nyingine nilikudanganya. Nilikuwa nimeshinda nimelala, na nadhani ulijua, maana uliniuliza somo lilikuwa lipi. Ilikuwa inaniudhi, baba. Sasa ningetoa hata cherehani yangu niulizwe tena.

Tangu tukuzike sikuwa nimeingia kanisani. Jumapili simu inakaa kimya mezani, nami nakaa nayo. Nilidhani nimemkasirikia Mungu, kumbe nilikuwa nangoja mtu agundue kwamba sipo. Hakuna aliyegundua. Nina upweke, baba, na sioni haya kukuambia.

Wiki iliyopita nilikwenda nyumbani. Mama akaniambia kondoo wako hawatoki zizini mpaka waswagwe. Nikatafuta kwenye simu ule ujumbe wa sauti uliouacha siku uliponikosa, nikafungua mlango wa zizi, nikaupiga kwa sauti ya juu. "Mwanangu, nakupigia hupokei. Leo umesali wapi?"

Waliinua vichwa wote. Wakatoka mbio, wakanipita mimi na simu yangu, wakasimama njiani wakikutafuta. Yule jike mzee alilia, akageuka huku na huku, akalia tena. Nami nikalia, Mama akiwa ananitazama. Mpaka jioni hawakula kitu cha maana.

Leo ni Jumapili. Asubuhi nimeusikiliza tena ujumbe wako, nikavaa koti lako, nikatoka. Nimekaa benchi la mwisho, karibu na mlango. Hakuna aliyenisemesha, ila mama mmoja alisogea kunipa nafasi. Nimerudi nikaiweka simu mezani, na jioni imefika haijaita.

Ndiyo maana nakuandikia. Nimesali hapahapa Mkuyuni, baba. Hata somo nalijua.

Binti yako, mwenye koti lako