Ndoo Niliyoianika Juani

Jumanne, kipupwe

Sijafukuzwa. Naandika hilo kwanza ili nipate usingizi.

Kazi yangu hapa Chwaka ni nyepesi kuliko zege nililolikimbia mjini. Nachota maji ya bahari kwa ndoo, natia kipimajoto, namsomea Bi Zuhura. Yeye ni mtafiti, analinganisha na picha za setilaiti ili ajue maji baridi ya kipupwe yanaingiaje ghubani.

Leo picha ilionyesha bahari imepoa. Ndoo yangu ikasema ina joto. Bi Zuhura akafurahi kweli, akaanza kusema huenda setilaiti haioni vizuri karibu na pwani, na kwamba ataliandikia makala.

Hapo nikajua lazima niseme. Maana ndoo ile nilikuwa nimeiacha juani kwanza, maji yapungue ubaridi nisiumie mkono. Kwetu Singida hata maji ya kuoga tunayaanika.

Nikamwambia. Akanitazama, halafu akacheka hadi akakaa mchangani.

"Ntandu! Bahari nzima umeianika?"

"Nirudi kwenye zege, Bi Zuhura?"

"Urudi wapi? Kesho unaingia mwenyewe hadi kifuani, kipimajoto mkononi. Ndoo inabaki nyumbani."

Nikakubali haraka mno. Sasa nimejifunika mablanketi mawili, natetemeka kwa maji ambayo sijayaingia.

Setilaiti kesho itaona ubaridi wote wa Chwaka. Ninachoomba ni kwamba mimi isinione nikitetemeka.