Mume Wangu Anasema Ameitwa Kama Yule Fundi wa Sinema

Mzee wetu mshauri wa gazeti la parokia, pokea salamu za mwanamke asiyejua acheke au alie. Mimi ni mke wa fundi wa reli hapa Kindu, kazi ndiyo iliyotuleta kutoka Kasai, na tunaishi vizuri, sitasema uwongo, mume wangu hanipigi, halewi, wamechagua kapita, msimamizi wa karakana, mara mbili wakampita naye hakunung'unika, lakini mwezi uliopita Padri alituonyesha sinema katika ukumbi wa parokia, sinema ya watu wanaoishi kwenye nyota iliyokauka, na kati yao yuko fundi wa pampu, mtu wa kawaida tu, mikono imejaa mafuta, sauti kutoka juu inamwita kwa jina na kumwambia yeye ndiye aliyechaguliwa kuwaletea maji, naye anapanda chombo kinachoruka kati ya nyota, mke wake amesimama mlangoni anamwangalia, na hapo hapo taa zikawashwa, maana bobini ya mwisho, ule mkanda wa sinema, ilikuwa bado haijafika kwa gari-moshi, ikabidi citoyen Abedi, mwananchi mwenzetu anayetufasiria sinema kwa kipaza sauti, aimalizie kwa kinywa chake, akapaza sauti, "Njo vile, bandugu! Mutu mwenye kuitwa haangalii nyuma!" na watu wakapiga makofi, hata mimi nilipiga, maana nilimwona Samweli wa Maandiko mle ndani, nilimwona Musa, nikaenda kulala na furaha.

Kumbe mwenzangu hakulala. Asubuhi akaniambia, "Mama Mbombo, ile sinema ilikuwa yangu. Mungu ananiita niende Punia nikahubiri." Mzee, nilicheka mpaka jirani zangu wakaja kuuliza, "Iko nini kwako?" nikawaambia yote, na sasa kila akipita wanamwita, "Mteule, unaruka lini?" naye anaharakisha hatua. Nilimwuliza, "Na mimi je, nani alinichagua? Nilichaguliwa kwa kutwanga sombe, majani ya muhogo, tu?" Anasema mwisho wa mwezi atamwambia kapita kwamba anaacha kazi, na tuna watoto watatu. Lakini usiku naogopa kitu kingine: kama ni Mungu kweli anayeita, mimi ni nani wa kusimama mlangoni? Nimzuie, au nimfungie nguo zake? Nisaidie.

Mama Mbombo, mtaa wa Kasuku

*

Mama Mbombo, mwanangu,

Tulia kwanza. Mume asiyelewa, anayeona Maandiko ndani ya sinema, hana wazimu. Mimi nimefundisha darasani tangu nikiwa kijana hadi nywele zikawa nyeupe, na sinema hizo za nyota nazipenda sana. Wanaozitengeneza, wajue wasijue, wanasimulia habari ya zamani: mdogo anaitwa kwa jina, anapewa kazi inayomzidi. Mumeo hakukosea kuiona habari hiyo. Alikosea mahali pengine, na wewe umeniandikia mahali hapo bila kukazia macho: sinema haikuisha! Abedi ana sauti nzuri, lakini ile bobini hakuwa ameiona. Alitunga mwisho wake, na mumeo anataka kuacha kazi kwa ajili ya mwisho huo.

Najua Abedi alichukua wapi neno lake. Bwana alisema habari ya mtu anayeshika jembe na kutazama nyuma. Sawa, lakini mtu mwenye jembe yuko wapi? Yuko shambani. Fungua Samweli wa kwanza, sura ya kumi na sita. Daudi anapakwa mafuta mbele ya kaka zake. Baadaye Sauli anapomtafuta, anasema aletwe yule kijana aliye na kondoo. Unaona? Amekwisha kuchaguliwa, naye amerudi kwa kondoo. Petro naye aliacha nyavu, lakini Bwana aliingia nyumbani kwake akamponya mama mkwe wake. Anayechaguliwa hupewa watu wa kubeba, na wa kwanza ni wale wanaokula naye sahani moja.

Sasa zamu yako. Ulicheka. Kicheko cha nyumbani kingesahauliwa. Wewe ulikigawa kwa jirani kama chumvi. Umeniandikia haraka haraka kwamba wamechagua kapita mara mbili wakampita. Rudi hapo usome tena. Mtu ambaye hajaitwa na yeyote, akimwona fundi mwenye mikono ya mafuta akiitwa kwa jina, moyo wake utakaaje kimya? Na swali lako la sombe, unadhani lilikuwa mzaha? Nyinyi wawili mnaumwa mahali pamoja.

Fanya hivi. Leo mwombe msamaha, tena mbele ya wale wale uliowachekesha. Wakisema "Mteule", wewe ujibu, "Ndiyo, wangu." Mwambie asimwambie kapita neno lolote kabla hajaongea na Padri. Punia haitahama. Atakapopata konje, likizo yake ya mwaka, aende, akiwa ametumwa na parokia, na akikubali uende naye, kwa kuwa nawe uliuliza nani alikuchagua. Kwa sasa, karakanani kuna vijana wanaojifunza kazi mikononi mwake. Aanze nao.

Tena, bobini imefika. Itaonyeshwa Jumapili hii baada ya misa ya pili, na Padri alinionyesha mapema, kwa sababu mimi ni mzee na sina subira. Yule fundi anarudi. Maji anayapata, na pampu ya kwanza anayoitengeneza ni ile ya uani kwake, mke wake akimshikia taa.

Kwa hiyo ukurasa huu wa gazeti ufungie karanga kabla mumeo hajausoma. Jumapili mwende pamoja, mkae mbele. Na yule mwanamke atakapotoka mlangoni na taa mkononi, nakusihi, mwanangu, usimguse mumeo kwa kiwiko. Mwache aone mwenyewe.