Kamba ya Mama Kwenye Nyumba ya Muhubiri

Mama mupenzi,

Amani kwako huko Kashuga. Mimi niko Mpofi, mvua haiachi. Nyumba ya yule muhubiri wenu wameifanya makumbusho, na sanduku lake la Biblia liko pale, kamba ya kulibebea ingali imefungwa. Karatasi iliyobandikwa juu yake inasema alilibeba mwenyewe toka Masisi. Hasira ilinipanda. Ulilibeba wewe, na alama bado iko kwenye paji lako! Mimi nauza mihogo kwa kilo, macho yangu njo mizani: sanduku hilo linapita kilo makumi tatu.

Nikamwambia mulinzi, "Papa, kamba hii ni ya paji la uso. Mwanaume gani wa kwetu anabeba hivyo? Iko ya mama yangu."

Akacheka. "Dada, kila muntu anakuja hapa na mama yake!"

"Basi jaribu kulibeba."

Akaivaa pajini, akajaribu kuinuka, shingo ikatetemeka. Hakucheka tena. Akaibandua ile karatasi.

Anauliza waandike jina gani, la ubatizo ao lile babu alikupa. Nimesema angoje, utachagua mwenyewe.

Mungu akufunike, Mama. Kuni waachie wajukuu. Hilo paji lipumzike.

Binti yako,
Furaha