Mwanga Ukutani, Kabuku

Baba yangu,

Shikamoo. Najua utaniuliza kwanza kama nimekula. Nimekula.

Nimekuwa nikitengeneza gemu la simu. Ndani yake upo wewe, kwenye karakana yako ya kuchomelea pale Kabuku, unaunga geti huku malori yakipita. Nilimtengenezea mama. Tangu tulipokuzika hataki habari zako zitajwe, nami nikaanza kuogopa kwamba tutakusahau kimyakimya, kila mtu kivyake.

Kilichonitoa jasho ni cheche. Nilizitaka maelfu. Sasa kila cheche inachukua nafasi kwenye kumbukumbu ya simu, na ikizimika, skripti yangu, yale maagizo ninayoiandikia simu, ilipaswa kuirudisha ile nafasi. Haikuirudisha. Cheche zilizokwisha kuzimika zikabaki zimejaa humo bila kuonekana, na kisimu nilichojaribia, kama kile cha mama, kikaganda dakika ya pili. Ungenicheka wewe. Mtu uliyekuwa ukiokota hata vipande vya nondo ili uviunge tena, ukazaa binti mfujaji.

Nikarekebisha. Cheche arobaini tu, zile zile. Moja ikizimika, inarudi kuruka tena. Simu ikatulia. Lakini hazikufanana na zako, na nilikasirika mpaka nikalia. Ndipo nilipotambua kwamba cheche zako sikuwahi kuzitazama. Kila ulipotaka kuanza kuchomelea ulituambia, "Macho!" nasi tukageuka mwanga usituumize, mimi na madaftari yangu, mama na hotpoti lako la makande. Nilichokiona miaka yote ile ni mwanga wa buluu ukitetemeka ukutani.

Basi nikauchora ukuta. Cheche nikaziacha chache, pembeni.

Jana mchana nilimpelekea mama Kwamndolwa, anakoishi na shangazi siku hizi. Nilimkuta anachambua maharage. Akajifuta mikono, akashika simu, akakutazama ukiinama kwenye geti lako. Mwanga ulipowaka ukutani, akageuza uso haraka, akatazama mlangoni, simu ikiwa bado mkononi. Akatulia hivyo hivyo, anasubiri.

"Kamaliza?" akaniuliza.

Nikageuka na mimi, baba, nikakaa karibu yake, tukakusubiri.

Pumzika kwa amani. Macho yetu ni mazima.

Ni mimi, binti yako wa karakana.